Taa za Sonara

Miaka mitatu ilikuwa imepita Bi Farangis hajatia mguu Lalezar. Si kwamba mtaa ule ulikuwa mbali. Kutoka kwake Nezamabad ni basi moja na mwendo wa dakika chache. Wala si kwamba hakuwa na haja nao, maana mtu wa Tehran akitaka taa, iwe ya msikiti au ya jokofu, ataipata wapi kama si Lalezar? Kilichomzuia ni mtu mmoja: mdogo wake, Iraj, ambaye alikuwa akiuza taa katika mtaa ule tangu ndevu hazijamtoka, na ambaye Farangis alikuwa ameapa kutosema naye tena.

Baba yao alipofariki aliwaachia nyumba mbili zilizopeana mgongo. Ya dada upande wa kaskazini, ya kaka upande wa kusini, na katikati ukuta mfupi ambao mtu aliweza kuuegemea kwa viwiko akapiga soga. Juu ya ukuta huo Farangis na wifi yake Mahin walipitishiana kila kitu: mabakuli ya supu ya tambi, habari za mtaa, na zaidi ya yote, majani ya urujuani wa Afrika. Ua hilo dogo la chunguni halitaki mbegu. Unachomeka jani moja mchangani, unalinywesha maji kwa uchoyo, na baada ya miezi miwili jani limezaa. Wawili hao walikuwa na vyungu vyao dirishani, na kila mmoja aliamini kimoyomoyo kwamba vyake ndivyo vizuri. Lakini mwaka mmoja Mahin alichavusha maua mawili kwa mkono, kwa unyoya wa njiwa, na katika miche iliyoota ukatoka mmoja wenye ua jeupe lililozungukwa ukingoni na buluu, kama wino ulionywea kwenye karatasi. Farangis, aliyefanya kazi miaka thelathini katika maabara ya shule ya wasichana na hakuwa mwepesi wa kusifu, alisema, "Hili sijaliona popote." Mahin akamkatia jani.

Kisha Iraj akauza nyumba yake kwa mjenzi wa maghorofa. Farangis aliambiwa baada ya sahihi kutiwa. Mwaka na nusu baadaye, pale palipokuwa na ukuta wa viwiko palisimama jengo la ghorofa sita, na kwa kuwa jua la majira ya baridi hupita chini upande wa kusini, kuanzia vuli hadi Nowruzi, mwaka mpya wa machipuko, hakukuwa na mwali uliofika dirishani kwake. Iraj na mkewe walihamia fleti mashariki ya jiji. Farangis alifunga mlango na mdomo. Mahin alipofariki, majira ya baridi ya mwaka wa pili, Farangis alikwenda matangani, akaketi na wanawake, akala halua kidogo, akaondoka kwa mlango wa jikoni ili asimpe kaka yake mkono wa pole. Hilo hakumwambia mtu.

Vile vyungu navyo viliona giza hilo. Shingo za miche zilirefuka, majani yakageukia dirishani kama watu wanaosubiri basi, na maua yakakoma. Mche wa Mahin ulibaki na majani matano. Farangis hakuwa mtu wa kukaa na kusikitika mikono ikiwa mapajani. Alichukua kitabu cha mimea akasoma kwamba asili ya ua hilo ni milima ya Usambara huko Tanzania, ambako huota katika nyufa za miamba, chini ya miti mikubwa, mahali jua linapofika kwa makombo. Kwa hiyo halitaki jua kali. Linataka mwanga wa kiasi, ila wa saa nyingi. Hilo taa inaliweza. Aliulizia rafu zenye taa zilizokwisha kuundwa. Bei yake ilikuwa bei ya jokofu. Basi akasema moyoni, rafu ya chuma ninayo, bisibisi ninayo, mikono ninayo. Kilichobaki ni bodi za taa.

Ndivyo alivyojikuta Lalezar asubuhi moja ya mwezi wa Azar, mwisho wa vuli, ushungi ameushusha hadi kwenye nyusi, akitembea upande wa pili wa barabara ili asipite mbele ya pasaji, ule ujia wa maduka alimokuwa kaka yake. Aliingia duka la kwanza lililokuwa na picha ya nyanya kwenye kioo.

"Karibu mama, karibu," alisema muuzaji, kijana aitwaye Peyman, nywele zimelowa mafuta. "Unataka ya sebuleni?"

"Nataka ya mimea."

"Umefika kwa wenyewe!" Akawasha bodi moja, na duka zima likawa zambarau kama ukumbi wa harusi. "Hii ndiyo ya kisayansi. Nyekundu na buluu tu. Mimea haili rangi nyingine."

"Nitajuaje jani limeugua, kama kila kitu kina rangi ya zabibu?"

Peyman akamtazama upya. "Basi chukua nyeupe. Hii hapa, wati hamsini, haihitaji transfoma. Nyaya mbili, soketi ya ukutani, kwisha kazi. Hata bibi yangu anaiweza."

"Bibi yako ana umri gani?"

"Ameshafariki, Mungu amrehemu."

Farangis angepaswa kuliona hilo kuwa dalili. Lakini bodi ilikuwa nyepesi, punje zake za taa zimepangwa vizuri kwenye bamba la alumini, na bei ilikuwa ya kawaida. Akaibeba.

Siku mbili taa iliwaka vizuri. Siku ya tatu, akinywesha mimea, alishika chuma cha rafu kwa mkono wa kushoto na wa kulia akaupitisha juu kusogeza jani, na mgongo wa mkono ukagusa lile bamba. Umeme ulimpiga mpaka begani. Kopo la maji liliruka likaanguka, naye akajikuta amekaa sakafuni, ulimi una ladha ya shaba.

Bi Touran, mpangaji wake wa chini, alipanda ngazi kwa kasi ambayo hakuwa nayo tangu ujana wake. "Nini? Nini kimeanguka?"

"Mimi."

"Ya Mungu! Umekuwa mweupe kama jibini. Unataka kufa kwa ajili ya maua?"

"Sitaki kufa. Chomoa plagi ile. Shika plastiki tu, usiguse kingine!"

Kesho yake alirudi Lalezar na bodi mfukoni. Peyman alisikiliza, akajikuna shingo.

"Lakini mama, nani alikwambia umwage maji karibu na taa?"

"Ni taa ya mimea, mwanangu. Mimea hunywa nini, chai?"

Kijana alicheka bila kutaka, kisha akaona alama nyekundu kwenye mgongo wa mkono wa mama huyu, akaacha kucheka. Akafungua mtoto wa meza akamrudishia noti zake zote bila kubishana wala kuidai bodi. "Nikwambie ukweli wa Mungu?" alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nauza maboksi. Lililoandikwa juu ya boksi ndilo ninalolijua. Mtu anayezijua bodi zenyewe mtaa huu ni mmoja. Pasaji lile pale, ngazi za kushuka, duka la mwisho. Mwulize Bwana Iraj."

Farangis alishukuru, akatoka, akaingia duka jingine. Mzee wa pale alitingisha kichwa: mzigo mzuri haujaingia tangu dola ipande, waliobaki nao wameuficha, lakini ajaribu kwa Bwana Iraj. La tatu wakamwambia hilohilo, na wakataka kumsindikiza. Akasimama kando ya njia, mikokoteni ya maboksi ikimpita huku na huku, akiwaza kwamba anaweza kurudi nyumbani, akaviacha vyungu vife kifo cha heshima. Kisha akavuka barabara.

Duka lilikuwa dogo kuliko alivyolikumbuka. Iraj alikuwa kwenye kiti kirefu, miwani imepanda kipajini, amejikunja juu ya bodi na chuma cha kulehemu mkononi. Alikuwa amekonda. Aliinua uso, akamwona, akakiweka chuma chini polepole mahali pake.

"Karibu, dada," alisema, kana kwamba dada huyo aliondoka hapo jana.

Farangis aliiweka bodi juu ya meza. "Nataka kujua hii ina nini ndani."

Iraj aliichomeka kwenye kipimo kidogo cha plagi. "Wati ishirini na mbili."

"Imeandikwa hamsini."

"Kitambulisho changu nacho kimeandikwa nywele nyeusi." Akatoa simu, akaielekeza kamera kwenye taa, na kwenye kioo chake mistari myeusi ilikuwa ikipanda kama mawimbi. "Unaona? Inapepesa. Jicho halioni, lakini kichwa kitakuuma." Akachukua mita, ncha moja akaigusisha kwenye bamba la alumini, nyingine kwenye waya wa ardhini. Tarakimu zikaruka. Mkono wake ukasita hapohapo.

"Umeigusa hii?"

"Kidogo."

"Kidogo vipi?"

"Mpaka begani."

Iraj alichomoa plagi. Kisha akachukua mkasi wa bati akaikata bodi katikati, akavikata tena vile vipande viwili, akavitupa kwenye pipa. Akamgeukia dada yake. "Bodi isiyo na transfoma yake, umeme wa ukutani unaingia moja kwa moja kwenye bamba. Darini hakuna neno, hakuna anayeigusa. Karibu na maji ni mauti. Nani kakuuzia?"

"Kijana. Amerudisha pesa. Mwache."

"Unataka ya mimea gani?"

Farangis alitazama kando. "Urujuani."

Kisha Iraj akachukua penseli. Rafu ina urefu gani? Viwango vingapi? Kutoka jani hadi ubao wa juu, sentimita ngapi? Farangis alijibu kwa ukavu, kama alivyokuwa akimsomea mwalimu vipimo vya asidi. Alipotaja Usambara na miamba na makombo ya jua, Iraj alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri. Basi hatuhitaji nguvu, tunahitaji utulivu. Bodi za volti ishirini na nne, transfoma iwe mbali na maji. Hata ukizishika kwa mkono uliolowa hazikufanyi kitu. Lakini sina. Nisikudanganye, dada. Zinazoingia sasa ni bandia, muhuri wa chapa kubwa umegongwa juu ya punje za taa za ovyo."

"Basi niende."

"Subiri. Kuna sonara mmoja, Bwana Shokrollah, anabomoa makabati yake ya vioo ili aweke mapya. Taa zile nilizifunga mimi miaka minane iliyopita. Ni nzuri kuliko chochote utakachokiona mtaa huu leo."

"Taa za dhahabu kwa maua?"

"Mwuza nyama hutaka taa nyekundu ili nyama ya juzi ionekane ya leo. Mwoka mikate hutaka ya manjano. Sonara hawezi kudanganya kwa taa, maana mteja akitoka nje juani pete itabadilika rangi, naye atarudi na kelele. Kwa hiyo hununua mwanga wa kweli. Alhamisi asubuhi?"

Farangis alifunga vifungo vya koti. "Alhamisi," alisema, na akapanda ngazi kabla hajaulizwa hali.

Alhamisi hiyo kulikuwa na baridi kavu. Walitembea bega kwa bega hadi Iraj aliposimama kwa muuza viazisukari vyekundu vilivyotokoswa, akanunua sahani mbili, akampa moja. Mvuke mwekundu uliwafunika nyuso. "Umezidisha kukonda," alisema Farangis, ikiwa ndiyo sentensi yake ya kwanza ambayo haikuhusu taa.

"Ninajipikia mwenyewe."

"Inaonekana."

Kwa sonara, bodi zilikuwa zimerundikwa kwenye maboksi mawili ya machungwa, nyembamba na ndefu kama rula. Iraj alimfundisha jinsi ya kuchagua. Doa la kahawia katikati ya punje, maana yake imeungua. Utando uliogeuka njano, maana yake joto limeila. Kisha akawa anaziwasha moja moja kwenye transfoma ileile, na zilizofifia anaziweka kushoto. Lakini jicho lililozishinda mita siku hiyo lilikuwa la Farangis. Miaka thelathini ya kutazama rangi ya maji kwenye vijichupa haipotei.

"Hii hapana," alisema.

"Ina nini? Inawaka sawa na wenzake."

"Tia kiganja chako chini yake. Sasa tia chini ya ile. Umeona? Hapa una damu, pale umekuwa maiti."

Iraj alitazama kiganja chake, akatazama tena. "Kweli bwana. Hii ilitoka kundi jingine, niliiweka kuziba pengo. Miaka minane hakuna aliyejua!"

"Hakuna aliyeuliza," alisema Farangis, lakini mdomo ulimsaliti akatabasamu.

Walipata kumi na sita nzuri: kumi na moja zenye weupe wa asubuhi, zilizokuwa zikimulika almasi, na tano zenye weupe wa jioni, zilizokuwa za dhahabu. Iraj alisema zichanganywe, mimea itafurahi. Ilipofika kulipa, Bwana Shokrollah aliweka mkono kifuani.

"Chukueni tu. Si kitu baina yetu."

"Mungu akuzidishie," alisema Farangis. "Sema bei."

"Nitaona haya. Bwana Iraj ni ndugu."

"Na ndugu hamli ndugu yake. Sema."

Mara ya tatu, kama adabu ya Tehran inavyotaka, sonara alisema, na haya zake zikawa za bei nzuri tu.

Iraj alipofika kwa dada yake, Ijumaa, na kisanduku cha vifaa na vipande vya alumini begani, alivua viatu mlangoni kama mgeni. Farangis alimwelekeza chumba cha dirisha la kusini. Hapo akasimama. Hakuwa amewahi kuingia humo tangu jengo lisimame. Dirisha lote lilikuwa ukuta: saruji ya kijivu, mabomba mawili ya maji machafu, na kidirisha cha bafu la mtu.

Mzigo ulikuwa bado begani. "Sikujua lingekuwa hivi," alisema.

"Ungejua ungefanyaje?"

Iraj alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema maneno ya kupendeza. "Ningeuza," alisema. "Ningeuza vilevile, dada. Mahin alihitaji dawa ambazo hazikupatikana kwa bei ya binadamu. Kila sindano ilikuwa mshahara."

Farangis alishika ubao wa rafu. "Nilidhani ni shinikizo la damu."

"Ndivyo alivyotaka udhani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alinilisha kiapo. Alisema, 'Farangis akijua, atauza na yake.'"

Nje, kidirisha cha bafu kilifunguliwa, mvuke ukatoka, kikafungwa. Farangis alijua kwamba ilikuwa kweli. Angeuza. Angeuza siku hiyohiyo bila kuuliza bei, na Mahin, aliyemjua kuliko wote, alikuwa amemzuia kwa njia pekee iliyowezekana, na yeye kwa malipo akampa mumewe miaka mitatu ya mdomo uliofungwa.

"Siku ya matanga," alisema. "Nilitoka kwa mlango wa jikoni."

"Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilikuwa nimesimama ngazini, nimepumzika kupewa pole. Nikaona koti lako. Nikasema, afadhali, amekuja." Akashusha mzigo. Kisha macho yake yakashuka kwenye ubao wa chini, kwenye chungu cha udongo chenye majani matano, akakichutamia. "Huu ndio ule?"

"Ndio."

"Nilitupa vyake vyote," Iraj alisema. "Nilisahau kuvinywesha. Mwezi mzima sikukumbuka kwamba ni vitu vinavyokunywa." Akapitisha kidole juu ya jani lenye manyoya, akiwa mwangalifu kama anagusa jeraha. Farangis akakaa kitako pembeni yake juu ya zulia. Alilia kidogo, kwa sauti ya chini. Iraj alimpa kitambaa cha kufutia bodi, ambacho kilinuka spiriti.

"Hiki kitanipofusha."

"Ndicho nilicho nacho."

Baada ya chai walianza. Iraj alikata alumini, Farangis akatoboa matundu na kubandika bodi kwa gundi ya kupitisha joto. Walibishana kuhusu kila kitu. Dada alitaka nyaya zipite nyuma zisionekane. Kaka alitaka zipite mahali panapofikika kwa bisibisi. Yeye alitaka kulehemu mwenyewe; kaka akasema lehemu ya dada inafanana na ubani uliotafunwa. Transfoma waliifunga ukutani, juu ya kimo cha mtu, ndani ya boksi la plastiki lenye matundu. Walipowasha, chumba kilijaa mwanga uliotulia, usio na rangi ya kitu chochote, na vyungu kumi na tisa vikaonekana jinsi vilivyo, yaani vibaya sana.

"Subiri nusu saa," alisema Iraj. Nusu saa ilipopita alimwambia aweke kidole nyuma ya alumini ahesabu, waone kama joto linavumilika. Farangis alifika kumi bila kuondoa. "Basi itaishi," alisema Iraj.

Haikuwa mteremko moja kwa moja. Baada ya wiki mbili majani ya katikati yalianza kujikunja na kukakamaa, rangi imepauka. Farangis alipiga simu.

"Taa zako ni kali."

"Umelilia jua siku zote hizi, leo limezidi?"

"Iraj, usinichekeshe, yanaungua."

Alikuja jioni hiyo, wakachomoa bodi moja kila ubao, wakapandisha zilizobaki kwa upana wa vidole vinne, na muda wa kuwasha ukapunguzwa kutoka saa kumi na nne hadi saa kumi na moja kwa siku. Lakini kwa mche wa Mahin marekebisho yalichelewa. Shina lilikuwa limeshaoza chini. Farangis alilibonyeza akasikia limelainika. Hakuupigia kelele. Alikata majani mawili yaliyokuwa bado magumu, akachomeka mchangani, akafunika kwa nusu ya chupa ya plastiki, akayaweka ubao wa juu. Hakumwambia Iraj mpaka wiki sita zilipopita, na alipomwambia alikuwa tayari na cha kumwonyesha: masikio matatu ya kijani, madogo kama ya panya, yamechungulia pembeni ya jani.

Vyungu vingine vilirudi mapema zaidi. Mwisho wa mwezi wa Esfand, Nowruzi ikikaribia, watu wote mtaani wakiwa wamening'iniza mazulia yao ukutani kuyapiga vumbi la mwaka, rafu ilikuwa imechanua kutoka juu hadi chini, na Bi Touran alikuwa akipanda ngazi kila siku kwa visingizio vipya. Mama mmoja wa lile jengo jipya, mwenye kidirisha cha bafu, aliona mwanga na maua yale kutoka kwake, akaja kubisha hodi na sahani ya tende. Fleti yake ilikuwa ghorofa ya kwanza tu, alisema, upande wa nyuma, na humo hata mnanaa haukubali kuota. Je, rafu kama ile ilinunuliwa wapi?

"Haikununuliwa," alisema Farangis. Alimkaribisha ndani, akampa chai, na baada ya kusita kidogo akampa namba ya simu ya mdogo wake.

Miche mitatu ilitoa maua mwezi wa sita tangu kuchomekwa. Miwili ilikuwa na ule ukingo wa buluu. Wa tatu ulitoka mweupe mtupu, jambo ambalo hutokea. Farangis alimpa kaka yake achague, akitarajia atachukua wenye ukingo. Iraj alichukua mweupe.

"Huo si wa Mahin hasa," Farangis alimwambia.

"Najua. Huu umejitokea wenyewe. Nitaanza nao upya."

Kiangazi kilipokolea, umeme ukaanza kukatwa kwa zamu, saa mbili mbili kila mtaa. Ijumaa moja ulikatika saa nane mchana, wakiwa wametoka kula wali na mchuzi wa majani, na rafu ikazimika. Iraj alijitandaza juu ya zulia, mto chini ya shingo, akilalamika kwamba akili ya serikali imeunganishwa bila transfoma. Farangis alikuwa akimenya matango na kuyatia chumvi. Alimsimulia habari ndefu ya mwalimu mkuu mmoja wa zamani aliyewahi kuunguza pazia la maabara, akafika katikati, akauliza, "Unamkumbuka?"

Kaka yake alikuwa amelala, mdomo wazi, soksi moja imetoboka kidoleni. Alimtazama kidogo, akafunika sahani ya matango kwa sahani nyingine inzi wasiingie, akaenda kutafuta sindano na uzi.